Jamie Vardy: kutoka kiwandani hadi ubingwa wa Uingereza

Tazama tena bao la Vardy, aliyekuwa mshambuliaji wa Leicester City, la Novemba 28, 2015 dhidi ya Manchester United. Kipa wa Leicester, Schmeichel, anadaka kona, anamrushia beki Fuchs haraka, naye anapanda na mpira. Vardy hakimbii moja kwa moja; anaanzia pembeni ya beki wa United, anasubiri Fuchs ainue kichwa, ndipo anachomoka. Shuti la chini linavuka mwili wa De Gea, kipa wa United. Hiyo ilikuwa mechi ya 11 mfululizo ya Ligi Kuu ya Uingereza ambayo Vardy alifunga, na rekodi ya mechi 10 ya Van Nistelrooy, mshambuliaji wa zamani wa United, ikavunjika.

Safari ilianzia mbali: klabu ya Sheffield Wednesday ilimwacha Vardy akiwa na miaka 16. Akiwa klabu ndogo ya Stocksbridge alilipwa pauni 30 kwa wiki, huku akifanya kazi kwenye kiwanda cha vifaa vya kushikiza viungo vilivyoumia. Baada ya kuchezea klabu ya Halifax, alihamia Fleetwood, nao wakapata mabao 31 ya ligi kutoka kwake msimu wa 2011/12, na Leicester wakamnunua kwa pauni milioni 1.

Msimu wa kwanza Leicester ulimlemea: mabao 4 tu ya ligi. Mbio zake zinahitaji nafasi nyuma ya mabeki. Timu pinzani ikirudi yote kulinda goli lake, silaha hiyo haina pa kufanyia kazi. Ndiyo maana Leicester ya kocha Ranieri, iliyoachia wapinzani mpira, ilimfaa sana: mabao 24 ya ligi na ubingwa msimu wa 2015/16. Mwaka 2020 alitwaa Kiatu cha Dhahabu, tuzo ya mfungaji bora wa Ligi Kuu, akiwa na miaka 33, kwa mabao 23. Mechi yake ya 500 na ya mwisho Leicester, Mei 2025, ilimpa bao la 200.