Nilipoifikia Château Gaillard kwa Upande wa Adui

Nilikuwa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, kikazi nilipopata nafasi ya kwenda Les Andelys kuiona Château Gaillard, ngome ya Mfalme Richard Moyo wa Simba wa Uingereza, aliyeitawala pia Normandy, iliyojengwa kati ya 1196 na 1198. Niliifikia kwa juu, upande wa kusini, na nashukuru sikupandia mjini. Kwingine kote jabali linaporomoka kuelekea mto Seine, mita 90 hivi chini. Ni upande huu tu ambao shingo nyembamba ya ardhi inaiunganisha ngome na uwanda, kwa hiyo adui hana njia nyingine.

Richard alilijua hilo. Akaweka mbele ngome ndogo ya pembetatu, iliyotengwa na handaki lake. Nyuma yake ua wa kati, kisha ua wa ndani, na mwisho mnara mkuu. Nilisimama muda mrefu mbele ya ukuta wa ndani. Uso wake wa nje umevimba kwa matao yaliyopangwa bega kwa bega kama mapipa yaliyokatwa katikati. Jiwe la mtambo wa kurushia mawe likiupiga huteleza pembeni, na mpiga mishale aliye juu haachiwi kona ya kumficha adui anayechimba msingi. Nilipoupapasa, vidole vilitoka vyeupe: ni mwamba laini wa chokaa, na ndani yake mmepachikwa vipande vyeusi vya gumegume.

Mfalme Philippe wa Ufaransa aliizingira mwaka 1203. Roger de Lacy, mkuu wa ngome, alipoona chakula kinapungua aliwatoa raia waliokimbilia ndani. Wa kwanza waliruhusiwa kupita. Waliofuata walinaswa kati ya majeshi mawili wakati wa baridi, wengi wakafa kwa njaa. Sioni namna ya kuitazama miteremko ile bila kuwafikiria.

Ngome ya mbele ilianguka kwa kuchimbwa: handaki lilijazwa, msingi wa mnara ukatobolewa na kuegemezwa kwa magogo, magogo yakachomwa, ukuta ukaporomoka. Ua wa kati uliponzwa na jengo aliloliongeza Mfalme John, ndugu na mrithi wa Richard: kanisa dogo juu na vyoo chini. Wafaransa waliingilia humo. Walinzi wakalitia moto ili kuwatoa, lakini moto ukawageukia wenyewe.

Kosa linaloniuma zaidi ni la mlango wa ua wa ndani. Wajenzi walipochonga handaki waliacha kipande cha mwamba kiwe daraja. Daraja la mbao lingeondolewa. La mwamba lilibaki palepale, na wachimbaji wakajikinga chini yake dhidi ya mishale na mawe, wakaudhoofisha ukuta hadi mtambo ulipoupasua. Tarehe 6 Machi 1204 walitekwa wapanda farasi wa vita 20 na askari wengine 120, hata mnara mkuu haujapiganiwa. Rouen, mji mkuu wa Normandy, ilisalimu amri Juni mwaka huohuo.