Nasikia, inakuja

"Nimekupigia mara tatu na hukushika," binti yangu alinilaumu juzi. Simu ilikuwa mkobani, nimeizima sauti. Nikamwambia haikulia. "Kwangu ililia, Mum. Niliisikia kabisa, tuu, tuu." Akanyamaza kidogo. "Sasa ililia ama haikulia?"

Nikacheka, nikaendelea kukata sukuma. Usiku ndipo reli iliponijia.

Mnaomjua Baba mnajua masikio yake yaliishia wapi: kiwanda cha vyuma kule Industrial Area, miaka kumi na ushee, bila hata pamba ya kuziba. Kufikia 1994 hakusikia kitu, ila yeye mwenyewe alizungumza kwa sauti ya mpiga debe. Kazini alikwenda kwa miguu, akifuata reli kutoka Laini Saba, kama walivyofanya nusu ya watu wa Kibera. Shule zikifungwa, mamangu alinituma nimsindikize. "Ukisikia treni, mvute shati." Nilikuwa na miaka tisa na cheo changu nilikipenda sana.

Asubuhi moja ya Agosti, baridi ile ya ukungu, Baba akasimama ghafla katikati ya mataruma. Akachuchumaa. Akaweka kiganja juu ya reli, ule mkono wenye kidole kilichokatika, akafumba macho. Nikatega masikio. Jogoo. Redio ya muuza mandazi. Mtu akimgombeza mtoto. Treni, hakuna.

"Nasikia," akasema kwa sauti iliyogeuza vichwa. "Inakuja."

Nikatikisa kichwa kwa nguvu, hapana. Akanishika mkono akaukandamiza kwenye chuma. Mwanzoni nilisikia baridi tu. Halafu kitu kidogo mno, kama nzi aliyefungiwa ndani ya kiberiti.

Tukateremka kando. Tukangoja hadi nikaanza kuona aibu kwa niaba yake. Ndipo honi ikalia kule kwenye kona, akina mama wakaanza kuondoa karanga zao relini, na mabehewa ya mizigo yakapita yakitutikisa mpaka meno. Baba alicheka. "Na wewe, masikio yako ni ya nini?"

Sekondari nilielezwa. Hewani sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ndani ya chuma huenda takriban 5,000, tena haitawanyiki ovyo. Mwalimu wa fizikia alisema sauti ni mtikisiko, awepo msikilizaji asiwepo. Mwalimu wa biolojia, mlango wa pili, alisema hewa hutikisika tu, sauti huzaliwa kichwani, na mitikisiko chini ya 20 au juu ya 20,000 kwa sekunde sikio la mtu haliipati. Niliandika yote mawili nikapata alama zote mbili.

Kiswahili nacho hakinisaidii kuamua. Tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia uchungu. Kwa hiyo Baba alisikia ama hakusikia?

Jioni ile mamangu aliniuliza kama treni ilipita. Nikamwambia ndiyo, na nilimvuta shati mapema. Baba alikuwa ameketi mbele yangu, anakula ugali, macho kwenye mdomo wangu kama kawaida yake. Kama aliusoma, hakusema. Alimega tonge lingine.