Jinsi ngozi ya paja ilivyoshika kwenye mguu wangu

Harufu ya nyama kuungua ilinifikia kabla sijajua kwamba anayeungua ni mimi. Nashona nguo karibu na soko la Kibuye, Kisumu, na wakati ule bado nilitumia pasi ya makaa. Kaa moja lilichomoka likatua juu ya mguu wa kushoto, nyuma tu ya ukanda wa kandambili. Sikuhisi kitu. Miaka 11 ya kuishi na sukari ilikuwa imeua hisia za miguu yangu bila mimi kutambua.

Kidonda kilikataa kufunga. Wiki ya 6 daktari akasema itabidi nipandikizwe ngozi itakayotolewa pajani, lakini si siku hiyo. Sukari ya damu ilikuwa juu, milimoli 16 kwa lita, na kidonda kilitoa usaha. "Shamba halijalimwa, mama. Tutapanda wapi?" Basi zikapita wiki 3 za kuoshwa kidonda, kukatwa nyama iliyokufa, na kujidunga insulini.

Katika wiki hizo dada yangu aliniletea kopo la vidonge vya antioksidanti: vitamini C na E za kiwango kikubwa. Nilikuwa tayari kumeza chochote, ila kwanza nikalipeleka kopo kliniki. Daktari hakunicheka. Alinieleza kwamba sukari ikikaa juu, mwili hutoa kwa wingi chembe huru ambazo huharibu mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyopandikizwa hutegemea mishipa hiyohiyo. Antioksidanti huzizima chembe hizo, kwa hiyo wazo lina msingi. Lakini majaribio mengi yamefanywa kwa panya, na ushahidi kwa binadamu bado ni mchache. Cha kwanza kilikuwa kuteremsha sukari yenyewe.

Sista aliyekuwa akinifunga bandeji ndiye aliyeongeza jambo lililonishtua: vitamini C ikizidi sana mwilini, baadhi ya mashine za kupimia sukari husoma juu kuliko ilivyo. Unaona 14, unajiongezea insulini, kumbe sukari haikuwa juu hivyo, nawe unaanguka. Kopo likabaki kabatini. Vitamini C niliifuata kwenye mapera, kwa sababu gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, mara kadhaa ya chungwa. Pera moja kwa siku, baada ya chakula, si zaidi, maana ni tunda na lina sukari yake. Mwili huitaka vitamini hiyo kutengeneza kolajeni, ambayo mimi naiona kama uzi wa kushonea kidonda. Omena, mayai na maharagwe navyo havikukosa mezani.

Upasuaji ulikwisha haraka. Kazi kubwa ilikuwa siku 5 zilizofuata. Siku 2 za kwanza ngozi ile haina damu yake, hunywa tu unyevu wa kidonda kilicho chini, kisha mishipa ya pande mbili huanza kuungana. Ikiteleza kidogo tu, au maji yakijikusanya chini yake, inakufa. Fundi yeyote anajua kitambaa kikiteleza chini ya sindano mshono unakwenda wapi. Nililala mguu ukiwa juu ya mito, na hata haja nilisaidiwa palepale kitandani. Paja walikotoa ngozi liliwaka moto kuliko mguu wenyewe, na hilo hakuna aliyekuwa ameniambia.

Siku ya 5 sista alilowesha bandeji kwa maji ya chumvi, akaifunua tabaka moja baada ya jingine. Nikaona ngozi yangu ina vitundu kama kitambaa cha neti, na ndani ya kila kitundu kuna wekundu. "Imeshika, mama." Nililia. Upande wa kidole gumba palikuwa na kipande cheusi, sawa na kifungo cha shati. Hicho hakikushika, kikachukua mwezi mzima kufunga chenyewe.

Sasa natumia pasi ya umeme. Ngozi ile haitoi jasho wala mafuta, kwa hiyo huipaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Na kila asubuhi, kabla sijavaa viatu vya kufunika, binti yangu huingiza mkono ndani ya kila kimoja kutafuta kokoto au pini, kisha hunipa.