Siku nzima na tanuru la nyumbani, Lubumbashi

Saa 10 na nusu alfajiri

Kabla sijawasha chochote, nachukua chungu kimoja kimoja na kukiegemeza shavuni. Udongo wenye maji ndani huwa baridi kuliko hewa, hata kama kwa macho umekauka kabisa, na shavu linahisi tofauti ambayo vidole vinaikosa. Karibu vyote vinapita. Mtungi mmoja wenye kitako kinene unanipa wasiwasi, kwa hiyo naupanga juu kabisa, mbali na moto, na bakuli ndogo nazishusha chini.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Likizo kubwa ndiyo inayonipa nafasi ya siku kama hii, maana tanuru la kuni haliachwi peke yake. Sifinyangi kwa kuuza. Nafinyanga kwa sababu napenda. Tanuru tumelijenga wenyewe, mdogo wangu na mimi, nyuma ya nyumba huku Annexe, pembeni mwa mji. Siku chache zilizopita tuliliwashia moto mdogo wa kulikausha lenyewe, kwa kuwa kuta mpya zina maji mengi kuliko vyungu vyote zitakavyobeba. Leo linachoma kwa mara ya kwanza.

Saa 11

Moto wa kwanza hauingii ndani. Naukoka nje ya mdomo wa tanuru, vijiti vitatu vinne tu, ili joto liingie na ndimi zibaki nje. Agosti hii baridi ya alfajiri bado inauma, na mdogo wangu, kajifunika blanketi, anausogelea. Mimi ananiita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, moto hii ni kidogo sana. Tuongeze."

"Wacha. Hii ni ya kukausha, haiko ya kuchoma."

Hapo sikubali kusukumwa na mtu. Chungu huvunjika asubuhi, si jioni. Maji yaliyobaki kati ya chembe za udongo yakigeuka mvuke kwa haraka hukosa pa kutokea, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya maji yenyewe. Chungu kinapasuka kwa kishindo, na vipande vyake vinaharibu vya jirani. Sisi tena tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ni tofauti ndogo, lakini ni sababu moja zaidi ya kwenda polepole.

Naweka kioo kidogo juu ya tundu la kileleni. Kinashika ukungu papo hapo. Nakifuta, nakirudisha, ukungu tena. Mpaka kioo kibaki kikavu, hakuna kuni itakayoingia ndani.

Saa 1 asubuhi

Kioo bado kina ukungu, basi nieleze tanuru lenyewe.

Ni la mviringo, upana wa ndani sentimita 60, na moto wake unapanda kutoka chini kwenda juu. Chini kuna chumba cha moto, juu yake sakafu yenye matundu, juu ya sakafu ndipo vyungu vinapokaa. Kileleni hakuna paa la kudumu. Tunafunika kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika, na ukisogeza kigae kimoja tu, hewa ya tanuru zima inabadilika. Napenda sana wepesi huo: hakuna chuma cha kununua, na mkono wako unajua mara moja ulichofanya.

Matofali ni ya kuchoma, ya hapahapa. Tuliyanunua kwa muzee anayechoma matofali pembeni ya mji, na alipojua tunajenga nini akatuchagulia mwenyewe, akichukua yale yaliyokaa katikati ya rundo. Ya pembezoni huwa hayajaiva. Yaliyokaa karibu na mdomo wa moto yameiva kupita kiasi na kujipinda. "Mama Mwalimu, tofali uigonge, usikie sauti yake," aliniambia, akagonga moja kwa jingine. Lililoiva lilitoa mlio mkali. Bichi lilitoa sauti nzito, fupi, kama la mbao.

Saruji hatukutia hata kijiko. Watu wengi wanaojenga tanuru hukimbilia saruji kwa sababu ndiyo wanayoijua kwa kuta za nyumba, lakini saruji ikifika nyuzi 450 hivi huanza kuvunjika kikemia: inapoteza maji yaliyoifunga, na tanuru likipoa inavuta unyevu wa hewani, inavimba na kumomonyoka. Sisi tuliunganisha matofali kwa udongo wa kichuguu na mchanga. Yeyote aliyesafiri Katanga ameona vichuguu vyetu, vingine virefu kuliko nyumba. Udongo wake mchwa wameshauchambua: ni laini, unanata, na joto unalivumilia.

Na jambo hili si geni hapa. Wayeyushaji wa zamani wa Katanga, kabla ya reli na kabla ya makampuni, walijenga matanuru yao kwa udongo huohuo wa kichuguu. Walisukuma hewa kwa mivukuto ya ngozi kupitia mirija ya udongo, wakapata shaba ambayo waliimimina iwe misalaba. Mji huu ulianzishwa 1910, na 1911 kiwanda cha kampuni ya madini ya Union Minière kikatoa shaba yake ya kwanza. Wengi huanza kuhesabu historia ya moto wa Lubumbashi hapo, kwenye lile bomba refu la moshi. Mimi naianza kwenye kichuguu, na nawafundisha hivyo wanafunzi wangu.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu ni sakafu. Tofali moja halifiki kutoka ukuta hadi ukuta, na nondo hazifai, kwa sababu chuma kikipita nyuzi 600 kinalegea na kupinda chini ya uzito. Tukasimamisha nguzo ya matofali katikati ya chumba cha moto, tukaacha kidato kwenye ukuta pande zote, halafu matofali ya sakafu yakalala kutoka nguzo hadi kidato, na nafasi ya vidole vitatu kati ya moja na jingine ili ndimi zipite. Nje tulipaka tabaka nene la udongo uliochanganywa na unga wa mbao. Unga ule unaungua na kuacha vijitundu vya hewa, na hewa iliyotulia inazuia joto lisitoke. Mwisho tukazungusha waya mnene mahali panne na kuukaza, kwa kuwa matofali yakipata moto yanatanuka, na ukuta usiofungwa hufunguka.

Saa 3

Kioo kikavu. Nakirudisha mara ya pili, kikavu tena. Sasa moto unaingia ndani.

Mama jirani tulimwarifu jana jioni, kwa hiyo leo kamba yake ya nguo iko wazi. Amekuja na kiti, ameketi upande usio na moshi, anauliza maswali mazuri kuliko ya wanafunzi wangu wengi. Kwao, anasema, bibi zake walichoma vyungu uwanjani, kuni juu ya kuni, na kwa muda mfupi kazi ikaisha. Ni kweli, na njia ile haina upungufu kwa udongo uliotayarishwa kwa ajili yake. Vyungu vya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, vilivyofukuliwa makaburini kuanzia 1957, vilifinyangwa kwa mkono bila gurudumu, na uzuri wake unanifanya nirudie kazi yangu nikiwa na adabu. Ila moto wa uwanjani hupanda ghafla, na kuta nyembamba ninazozipenda haziustahimili. Tanuru linanipa nafasi ya kupanda polepole, na joto halipotei lote hewani.

Saa 5

Kuni zetu ni mabaki ya maseremala: vipande vya mbao, maganda, ncha zilizokatwa. Zenye rangi au dawa tunazitenga, moshi wake ni sumu. Makala, yaani makaa ya miti, sitaki, ingawa yanauzwa kila njia. Misitu ya miombo kuzunguka mji huu imeliwa na makala mpaka wachomaji wanakwenda mbali sana kuyatafuta. Watu wanayahitaji kupikia watoto, na sina neno juu yao. Mimi nafanya jambo la mapenzi yangu tu; kukata mti mwingine kwa ajili hiyo sioni haki.

Vyungu sasa ni vyeusi kwa masizi. Mama jirani ameshtuka. Namwambia asubiri, masizi yenyewe yataungua.

Tunakula kwa zamu: bukari, yaani ugali, mboga ya lengalenga na samaki wa kukaushwa.

Saa 7 mchana

Nimefunika kichwa kwa kitambaa kizito ili nipate giza, nachungulia kwenye tundu la ubavuni. Wekundu wa kwanza, hafifu mno, chini kwenye bakuli. Huo ni kama nyuzi 500 na kidogo.

Katika saa hizi udongo unaacha kuwa udongo. Yale maji ya alfajiri yalikuwa yamekaa tu kati ya chembe. Haya yanayotoka sasa, kuanzia nyuzi 450 hivi, yamo ndani ya chembe zenyewe, ni sehemu ya umbile lake. Yakishatoka, hata uloweke chungu mwaka mzima hakirudi tope. Nimeandika mlinganyo wake ubaoni kila mwaka, na bado nikiwa mbele ya tundu hili natetemeka kidogo.

Kisha kuna nyuzi 573. Mchanga ndani ya udongo una madini yanayoitwa kwatsi, na kwatsi ikifika hapo inabadili umbo na kutanuka ghafla. Mdogo wangu anapunguza kuni bila kuambiwa.

Saa 9

Kipimajoto cha tanuru sina. Koni za kupimia, zinazopinda joto likifika kiwango chake, zile alizotengeneza Mjerumani Hermann Seger mwaka 1886, hazipatikani kirahisi hapa. Nimeweka mashahidi watatu mbele ya tundu, kila mmoja ndani ya kijisahani cha udongo: kipande cha waya wa alumini, chumvi ya jikoni, na kipande cha waya wa shaba. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, chumvi kwenye 801, shaba kwenye 1,085. Mfinyanzi yeyote wa mji huu anaweza kuwapata watatu hawa bila kuagiza kitu nje.

Alumini imelala. Haikutiririka, ngozi yake ya juu inaishikilia, lakini ncha iliyokuwa imesimama sasa imejikunja sahanini.

Saa 11 jioni

Masizi yameondoka, vyungu vimesafika. Namulika tochi ndani: chumvi haina chembe tena, inang'aa kama maji. Tumevuka nyuzi 800.

Kwa ndoana ndefu navuta pete ndogo ya udongo niliyoipanga karibu na tundu. Inatoka nyekundu inayowaka, inafifia juu ya tofali, na ikipoa naivunja. Nje ina rangi ya tofali, ila katikati kuna mstari mweusi mwembamba kama penseli. Ni kaboni, mabaki ya mizizi na majani yaliyokuwa kwenye udongo wa dembo, yaani bonde la majimaji, ambayo hayajaungua. Ukiupandisha moto sasa, kaboni hiyo inafungiwa ndani na chungu kinaweza kuvimba. Kwa hiyo tunakaa hapahapa: kuni nyembamba, kidogo kidogo, hewa nyingi, moshi usionekane.

Pete inayofuata, muda mrefu baadaye, ni rangi moja kutoka nje hadi ndani. Nampa Mama jirani aivunje tena kwa mkono. Anashindwa.

Saa 1 usiku

Umeme umekatika mtaani na kwa kazi hii ni faida, rangi zinaonekana vizuri zaidi gizani. Ndani ni chungwa iliyokolea, chini na juu karibu sawa. Nakadiria kati ya nyuzi 900 na 950. Waya wa shaba umesimama wima, na lazima ubaki hivyo, kwa sababu udongo mwekundu wa aina yetu ukikaribia joto la kuyeyusha shaba unaanza kulegea. Nusu saa ya kuushikilia moto hapa, ili hata ule mtungi wa kitako kinene uive mpaka ndani.

Saa 2

Kuni mwisho. Tunaziba mdomo kwa matofali na kupaka tope, tunafunika kilele kwa vigae vya pili, tunaziba tundu la kuchungulia. Hewa baridi isipate njia, kwa sababu kwatsi ile ya saa 7 mchana itasinyaa tena ikipita nyuzi 573 ikishuka, na anayefungua mapema huvunja kwa pupa kile alichokilea siku nzima. Watoto wameambiwa: hakuna kugusa mpaka kesho jioni, na atakayefungua ni mimi, mkono mtupu ukiweza kukaa ukutani.

Mwalimu mwenzangu wa Katuba ameandika akiuliza kama naye anaweza kujenga kwenye uwanja wake mdogo. Nimemjibu anaweza kabisa, na aende kwa muzee wiki hii, kabla mvua hazijasimamisha uchomaji wa matofali. Udongo wa kichuguu asinunue, nina mifuko iliyobaki. Jumamosi mdogo wangu atampelekea, na waya pia.