Nimeirudisha Chevelle yangu kwenye kemshafti ndogo

Mwaka juzi nilipomaliza kuifunga injini ya Chevelle yangu, gari ya zamani ya Chevrolet, nilirekodi mlio wake ikiwa silensi (imewashwa tu, hujakanyaga mafuta), nikamtumia mjomba wangu wa Tanga kwa WhatsApp, fundi wa malori huyo tangu enzi za Bedford, nikakaa nasubiri sifa. Tiki zikawa bluu, kimya, alafu ikaja voisi ya sekunde nne: "Pole mjomba, plagi moja haichomi hiyo."

Plagi zote nane zilikuwa zinachoma. Ule mlio wa kusuasua, dug-dug...dug, kama punda anayetaka kugoma, ndo kitu chenyewe nilichokilipia hela. Nikacheka, nikamwambia mjomba hivi ndo Wamarekani wanavopenda, akaniandikia "sawa", ile sawa ya mtu mzima ambaye hajakubali.

Gari yenyewe ni Chevelle Malibu ya 1970, V8 ya inchi 350 za ujazo yani lita 5.7, gia oto TH350, difu 3.08 (propela inazunguka mara 3.08 tairi likizunguka mara moja). Sio SS, lile toleo la nguvu, tuelewane mapema, ile SS 454 ya mwaka huo yenye injini ya LS6 ya farasi 450 mimi naiangaliaga kwenye mnada tu nafunga simu nalala. Yangu ilitoka kiwandani na farasi 250 na kabureta ya midomo miwili, aliyekuwa nayo kabla yangu akabadilisha pistoni na silinda hedi, kompresheni, yani hewa inavyokandamizwa ndani ya silinda, ikabaki kama 8.5 kwa 1. Hiyo 8.5 ishike, ndo iliyoniponza.

Kemshafti, ile shafti yenye nundu zinazofungua vali, nilichagua kwa masikio. Nimeangalia video usiku kucha, gari imesimama imewashwa inatikisika mpaka kioo cha pembeni kinacheza, nikasema hiyo hiyo. Jamaa wa dukani kwenye simu aliniuliza swali moja, unataka isikike? Nikasema ndio. Hakuuliza difu, hakuuliza kompresheni, hakuuliza kama naishi Houston na kila asubuhi niko kwenye foleni ya Westheimer, na mimi sikumwambia. Akanitumia inayoweka vali wazi digrii 238 za mzunguko wa krenki upande wa kuingiza na 248 upande wa eksozi (zinapimwa tapeti, kile kinachokaa juu ya nundu, ikiwa imenyanyuka inchi 0.050), vali inafunguka inchi 0.525, nundu na nundu zimeachana digrii 108.

Kwenye barabara ya wazi ukiikanyaga, kuanzia mizunguko 3,500 kwa dakika kwenda juu, jamani, inaenda. Shida ni kwamba mimi siishi huko juu. Kwa difu yangu maili 65 kwa saa ni mizunguko kama 2,500 hivi, na mjini niko kati ya 1,000 na 2,000 siku nzima. Huko chini gari ilikuwa imekufa. Nikiitoa P kuiweka D inazima, maana konveta (inayounganisha injini na gia oto) ni ya kawaida tu inaanza kushika mapema wakati ile kemshafti ilitaka konveta ya kuachia mpaka karibu 3,000, so nikapandisha silensi mpaka 1,000, sasa ukiingiza gia inaruka kama imepigwa teke. Mafuta inakunywa maili 9 kwa galoni. Na breki! Busta ya breki inafanya kazi kwa vakyumu ya injini, inataka inchi 16 au 18 hivi za zebaki ikae vizuri, yangu nilipima na geji nikakuta 8, ukiweka D inashuka 6. Unakanyaga pedeli kama unakanyaga tofali. Mama Salma aliendesha mara moja, akafika taa za kwanza, akarudi, akaniwekea funguo mezani taratibu. "Baba Salma, hili gari lako sitaki hata kulikalia."

Sasa kwanini iwe hivo. Kemshafti ndo inaamua vali inafunguka lini na inafunga lini, inazunguka nusu ya spidi ya krenki, hamna mchawi hapo. Ukiongeza digrii maana yake vali inakaa wazi muda mrefu zaidi, kwa hiyo ya kuingiza inachelewa kufunga. Pistoni imeshaanza kupanda kuja kukandamiza na mlango bado uko wazi, kwenye mizunguko mikubwa haina neno maana hewa inaingia kwa kasi, ina msukumo wake inaendelea kujisokomeza ndani hata pistoni ikiwa inakuja, lakini kwenye mizunguko midogo hewa haina haraka yoyote, pistoni inairudisha kwenye manifodi ilikotoka. Kompresheni ya 8.5 ambayo tayari ni ya kimaskini inageuka kuwa ndogo zaidi. Alafu kuna ule muda ambao vali ya eksozi haijafunga na ya kuingiza imeshafunguka, zote mbili wazi, moshi unaingia kwenye mchanganyiko mpya, silinda nyingine inachoma nyingine inabip. Nundu zikikaribiana, 108 badala ya 112, huo muda unaongezeka. Ule mlio mtamu ndo huo. Ni injini inakohoa. Mjomba hakukosea sana.

Kilichonivua nguo kabisa ni siku nilipokaa kulinganisha na za kiwandani. Ile 327 ya L79 iliyowekwa kwenye Corvette ya 1965, farasi 350, injini watu wanaiheshimu mpaka leo, kemshafti yake ni digrii 222 pande zote na nundu zimeachana 114, na kompresheni ni 11 kwa 1. Na 350 ya kawaida ya farasi 300 ilikuwa na 195 kwa 202 tu! Mimi na kompresheni 8.5 nimeweka 238. Wale mainjinia walikuwa na miaka ya kujaribu na mashine za kupimia, mi nilikuwa na YouTube.

Basi safari hii nikaanza na vitu nilivyonavyo, sio ninavyotamani. Uzito wa gari, difu, konveta, kompresheni, mizunguko ninayoishi. Nikabaki na tatu mezani. Ya 204/214 ni nzuri ya kuvuta trela, ingekaa silensi kama Corolla, nikaona hapana bado nina damu. Ya 224/234 moyo ulikuwa huko, nikajiambia na difu ya 3.08 utaanza tena yale yale. Nikachukua ya katikati, 214/224, vali inafunguka 0.442 na 0.465, nundu 112. Mzee wa mtaani kwangu hapa, Mmarekani mwenye Nova, aliniambia zamani chagua unayoitaka alafu nunua inayofuata chini yake. Wakati ule nilimuona mwoga.

Kazi ilinichukua wikiendi mbili. Rejeta nje, wota pampu, puli ya krenki, kava ya mnyororo, manifodi, rocker, tapeti kumi na sita. Kuna kile kifimbo cha pampu ya mafuta, usipokizuia na bolti ndefu kinakushukia na kemshafti haipiti, hicho kilinipotezea saa nzima. Kemshafti unaichomoa na kuiingiza polepole umefunga bolti ndefu mbele kama mkono, maana bearingi zake ni laini, ukizikwaruza umejiongezea kazi ya kushusha injini. Nundu nikazipaka ile grisi nyeusi, tapeti mpya zote (kemshafti mpya na tapeti za zamani HAPANA, zinakulana), alama za gia kitone kwa kitone. Na springi ngumu za vali nilizoweka kwa ajili ya ile kubwa nikazitoa pia, zingekamua nundu mpya bure.

Oili iwe na zinki ya kutosha. Na ikiwaka tu usiiache silensi, ipandishe 2,000 mpaka 2,500 uishikilie dakika 20, maana nundu zinapata oili inayorushwa na krenki, ikizunguka taratibu hairushi vya kutosha. Dakika 20 hizo nilizunguka gari nimeshika tochi namulika kila gasketi, jasho linanitoka, Salma ananipungia dirishani.

Siku ya pili nikachomeka geji. Inchi 17, mizunguko 700, sindano imetulia. Nikaweka D, ikaingia bila hata kushtuka, nikaipeleka Westheimer nikikanyaga kidogo tu inabeba kuanzia chini, 1,500 tayari iko hai. Mafuta sasa hivi ni maili 13. Juu ya 5,000 inachoka, nakubali, sijawahi kufika huko tangu niifunge.

Ile kubwa nilitaka kuiuza nikashindwa, maana tapeti zake nilizitia zote kwenye ndoo moja bila kuandika ipi ilikuwa silinda gani, na kila tapeti imeshazoeana na nundu yake, nani atanunua. Iko nyuma ya mlango wa gereji. Mjomba nimemtumia rekodi mpya, kajibu "sasa umeitengeneza plagi", nimemuacha hivo hivo.

Jumamosi Mama Salma alichukua funguo bila kuniaga akaenda nayo kununua unga. Nikasimama nje nasubiri. Aliporudi akaegesha, akazima, akanipa mfuko nibebe, akasema, "Kumbe lilikuwa na breki."