Hamasa ya kocha iwe na kazi ndani yake

Tarehe 22 Novemba 2022, kwenye Kombe la Dunia kule Qatar, Saudi Arabia walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 1-0 dhidi ya Argentina, goli la penalti ya Messi. Kocha wao, Hervé Renard, aliwafokea kwelikweli, na video ya chumba kile ilizunguka dunia nzima. Makocha wengi wa mtaani wameiga sauti na mikono inayorushwa, wakaacha maneno. Renard aliwauliza kwa nini Messi ana mpira katikati na wao wamesimama tu mbele ya mabeki, akataka akabwe. Wachezaji walitoka wakijua cha kufanya. Dakika ya 48 Al-Shehri akasawazisha, dakika ya 53 Al-Dawsari akafunga la pili, ikaisha 2-1.

Mapumziko ni dakika 15 tu. Tatu za mwanzo waachie vijana maji na pumzi, wewe ukizungumza na msaidizi wako pembeni. Ukianza kufoka mlangoni hakuna anayesikia, mapigo ya moyo bado yako juu. Kisha toa maelekezo mawili, yasizidi. La kwanza mpira ukiwa kwa wapinzani, la pili ukiwa kwetu. Dakika zinazobaki pita kwa mmoja mmoja, na neno la mwisho mwachie nahodha.

Kuhusu tabia, naamini kocha huvuna kile anachokisifia. Ukisifia magoli pekee, winga hatarudi kukaba. "Umecheza vizuri" haimfundishi mtu chochote. Mwambie, "Umerudi mara mbili ukamsaidia beki wako wa kulia," na wiki ijayo atarudi mara tano. Na anayeanzia benchi aambiwe faraghani kabla kikosi hakijasomwa, apewe sababu na kitu cha kurekebisha. Akilisikia mbele ya wenzake, umempoteza, na mara nyingi huondoka na rafiki zake wawili.

Imani nayo ina nafasi yake, tena kubwa. Timu zetu zina Waislamu na Wakristo, kwa hiyo dua iwe fupi na kila mtu aombe kwa njia yake. Mwezi wa Ramadhani sogeza mazoezi mazito usiku, baada ya tarawehe. Kabla ya futari yawe ya mbinu tu, ya kutembea. Usimwahidi mtoto wa miaka 14 kwamba Mungu atatupa ushindi, kwa sababu mkifungwa ataamini ameachwa. Ombeni afya na ujasiri. Na ile fedha ya "kamati ya ufundi", yaani ya waganga, wazee wenzangu, inunue maji, bandeji na mipira miwili mipya.

Renard huyohuyo aliipeleka Zambia fainali ya Mataifa ya Afrika mwaka 2012 mjini Libreville, Gabon. Pwani ya mji huo ndiko ndege ya timu ya taifa ya Zambia ilikoanguka Aprili 1993, wakafa wote 30 waliokuwamo. Kabla ya fainali wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua. Walikuwa na sababu ya kucheza iliyowazidi wao wenyewe. Lakini mechi na Côte d'Ivoire iliisha 0-0 hata baada ya nyongeza, Zambia wakashinda kwa penalti 8-7, na hapo lazima mguu uwe tayari.

Hivyo penalti zifanyieni kazi mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka. Kila mpigaji atembee peke yake kutoka mstari wa kati, wenzake wakipiga kelele. Achague kona kabla hajaweka mpira chini, asimtazame kipa kutafuta ruhusa, na asibadili. Wapige wote 11, kipa akiwamo, maana Libreville ilifika mpaka mpigaji wa tisa. Anayekosa aulizwe wazo la pili lilimjia wapi, kisha apige tena kona ileile.