Dole gumba la Mwalimu

Mwaka 2013 baba alipatwa na kiharusi akiwa darasani, chaki mkononi. Alikuwa na miaka 57, bado mitatu afikie kustaafu kwa lazima. Mkono wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito. Jopo la madaktari likaandika kwamba kazi haiwezi tena, barua ya kustaafishwa kwa ugonjwa ikaja, na mwezi uliofuata jina lake likaondolewa kwenye orodha ya mishahara. Hayo yalikwenda haraka. Mafao ndiyo yaliyokawia.

Kwa miezi saba tulikula kwa mawese aliyouza mama sokoni Ujiji. Dawa za presha baba alikuwa anameza leo, anaruka kesho na keshokutwa, akidhani hatumwoni. Mtu aliyekatwa asilimia 5 ya mshahara kila mwezi, mwajiri naye akitakiwa kumwekea 15, leo anabania vidonge! Nikikumbuka napandwa na hasira mpaka sasa.

Mara barua ya kuthibitishwa kazini haionekani, mara jina limekosewa herufi moja kwenye hati ya mshahara. Ngazi za ofisi ya mafao nilizizoea kama za kwetu. Mwezi Novemba fomu ikarudishwa tena: sahihi haifanani na iliyomo kwenye faili.

Ya kwenye faili nilionyeshwa. Mwandiko wa mwalimu hasa, herufi M ina mkia mrefu unaopita chini ya jina lote. Kwenye fomu palikuwa na mikwaruzo ya mkono wa kushoto. Aliyetunga fomu ya mgonjwa akadai sahihi ya mzima, nadhani hakuwahi kuuguza mtu.

"Basi aweke dole gumba, dada," karani akasema. "Aje mwenyewe."

Baba alikataa katakata. Aliingia ualimu 1978, enzi za Elimu ya Msingi kwa Wote. Mchana watoto, jioni kisomo cha watu wazima: wavuvi na akina mama aliowashika mkono mpaka wakaweza kuandika majina yao wasichovye tena kidole kwenye wino. Sasa yeye ndiye achovye?

Akamwomba mdogo wangu daftari. Siku tatu usiku alikaa kwenye mkeka, kandili pembeni, jasho likimtoka kwenye paji la uso, akiandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Nililipekua alipolala. Kurasa kumi na moja. Kwenye ya mwisho ile M ilikuwa imeanza kuota mkia.

Ijumaa akasema kwa shida, "Twende."

Bajaji ikatufikisha, mimi na dereva tukampandisha ngazi. Karani alipomwona akasimama. "Shikamoo, Mwalimu." Akauchukua ule mkono wa kulia, akaukunjua kidole kimoja kimoja taratibu, akabonyeza gumba kwenye pedi ya wino, kisha kwenye fomu. Baba alikuwa anatazama dirishani.

Nilimfuta kwa ncha ya khanga. Wino haukutoka. Njia nzima alikifunika kile kidole kwa mkono wake mzima, na tulipofika nyumbani aliomba daftari kabla hata ya maji ya kunywa.

Fedha ziliingia Machi 2014. Nililipa kwanza deni la duka la dawa.